Kunde za kabatini zimewahi kuota kuliko za dirishani, binti kanigomea. Naomba msaada wadau

MamaWawili_Mtw
Habari zenu wadau. Niko hapa Mtwara mjini, nina binti wa darasa la tatu, mbishi huyo sijapata kuona. Shuleni wamefundishwa mahitaji ya mmea, yaani maji, hewa, mwanga na udongo wenye rutuba, kisha mwalimu kawaambia wakajaribu nyumbani, wapande kunde kwenye makopo mawili moja likae kwenye mwanga moja gizani alafu waandike wanachokiona. Sisi udongo hatukuchukua maana uani kwetu ni mchanga mtupu, tukatafuta makopo ya maziwa tukaweka pamba tukalowesha, tukatia kunde, moja dirishani na jingine ndani ya kabati la vyombo tukafunga.

Sasa kasheshe ndo imeanza. Za kabatini zimewahi kuchomoza na ndo ndefu, za dirishani ziko fupi fupi na mbili hazijatoka kabisa. Binti kaja juu, anasema mwalimu kakosea na yeye kwenye daftari anaandika "mmea unapenda giza". Alafu akaongeza, mbona hakuna udongo na zimeota? Nikajaribu kumwelekeza kwamba mti unakula kwenye udongo, akaniangalia weee, akaniuliza mkorosho wa bibi kule Tandahimba ulivyo mkubwa vile, kama unakula udongo mbona chini yake hakuna shimo?

Hapo nikamwambia akaoge.

Mi shule nilisoma historia na Kiswahili jamani, msinicheke. Nimjibu nini ambacho mtoto ataelewa na mimi mwenyewe nielewe?

Kijana_wa_Ligula
Hahahaha huyo mtoto msimcheleweshe, mpelekeni Naliendele akaajiriwe utafiti wa korosho kabla hajamaliza la saba

TichaMstaafu_Newala
Dada MamaWawili, pole na hongera. Nimefundisha sayansi shule za msingi huku Newala mpaka nimestaafu na swali la shimo chini ya mkorosho halijawahi kuletwa kwangu, ningelifurahia sana. Hilo naliacha kwa wengine kwanza, nianze na kabati.

Mwalimu hajakosea na mtoto hajakosea, wanaongelea vitu viwili. Mwalimu anaongelea mmea, mtoto kaona mbegu. Mbegu ya kunde kuota inataka maji, hewa na joto basi, mwanga haihitaji na udongo haihitaji, kwa sababu ndani imebeba masurufu yake ya safari, chakula alichowekewa na mama yake kabla hajatoka kwenye ganda. Fanya hivi leo jioni, lowesha kunde chache kwenye kikombe zilale humo, asubuhi mwache mtoto amenye lile ganda kwa kucha kisha aipasue mbegu katikati. Ataona vipande viwili vinene, hizo ndo ghalambegu, na pale pembeni kwenye kile kijicho kuna kimmea kidogoo kimejikunja, kina kimzizi chake na vijani viwili vyeupe unaviona kabisa ukisogeza karibu na dirisha. Mwambie kile kidogo ndo kunde yenyewe na hivyo vinene viwili ndo chakula chake. Mtoto akishaona hicho kitu kwa macho yake maelezo mengine yote yanakuwa rahisi.

Kwanini za kabatini zimewahi? Angalia dirisha lako, msimu huu upepo wa kusi unavuma na pamba inakauka upesi, nina uhakika la dirishani linakaukiwa mchana na la kabatini linabaki bichi muda wote. Hapo mtajaribu vitu viwili kwa mpigo na hamtajua kipi kimefanya nini. Funika kopo la dirishani kwa kipande cha nailoni nyeupe kilichotobolewa tobolewa au muwe mnalilowesha asubuhi na jioni, maji yawe sawa kote, tofauti ibaki moja tu ambayo ni mwanga.

Na kwanini ndefu? Kwasababu zinatafuta mwanga. Kule shambani mbegu iko chini ya udongo gizani, kazi yake ya kwanza ni kurefuka ifike juu, kwahiyo chakula chote inakimalizia kwenye shina. Haina habari kwamba hapo juu ni mlango wa kabati. Mwambie binti asipime urefu peke yake, aangalie na rangi, unene wa shina, na ukubwa wa majani. Alafu msizitupe! Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, wanafunga zoezi mapema sana, mbegu ikishaota tu daftari linafungwa. Ziacheni humo humo kabatini mkiendelea kumwagilia muone zile ghalambegu zikisinyaa na kudondoka.

MamaWawili_Mtw
Ticha asante sana, na ni kweli pamba ya dirishani nimeikuta kavu sasa hivi nilivyoenda kuangalia. Rangi ya kabatini ni kama njano hivi sio kijani, sikulitilia maanani

Mtihani_Kwanza
Mimi natofautiana kidogo na ticha hapo juu. Mtoto wa darasa la tatu mkimwambia mwanga hauhitajiki, udongo hauhitajiki, kesho kwenye mtihani akiulizwa taja mahitaji manne ya mmea ataandika nini? Atapigwa kosa alafu mtaanza kulaumu shule. Wafundisheni kilichoko kwenye kitabu hayo mengine atayakuta sekondari huko. Watoto wa siku hizi tunawachanganya wenyewe

TichaMstaafu_Newala
@Mtihani_Kwanza ndugu yangu hofu yako naielewa, ila hakuna mgongano. Swali likisema mahitaji ya mmea ili ukue, anaandika maji, hewa, mwanga na rutuba anapata zote. Swali likisema mahitaji ya mbegu ili iote, anaandika maji, hewa na joto. Maswali yote mawili yapo na yote yanatungwa, na mtoto aliyekariri orodha moja ndo anayekosa la pili.

Korosho_Bei_Juu
Ngoja na sisi wakulima tuseme. Mimi niko Tandahimba, huyo bibi wa mkorosho pengine ni jirani yangu.

Mama, mwanga huhitaji kopo kumfundishia mtoto. Mkija likizo mpeleke kwenye shamba la zamani lile ambalo mikorosho imepandwa karibu karibu mpaka matawi yameingiliana, mwambie aingie chini katikati aangalie juu. Kule ndani ni vijiti vitupu vikavu, hakuna ua hakuna jani la maana, maua na korosho viko nje tu kule kwenye ncha zinazopigwa na jua. Kisha mpeleke kwa mtu aliyepanda kwa vipimo, mita 12 kwa 12, mti umejikunjua mpaka chini kabisa unabeba pande zote. Mkorosho ni ule ule, udongo ule ule, mvua ile ile, kilichotofautiana ni jua tu. Ndo maana maafisa ugani wanatupigia kelele kila mwaka tupunguze miti na kukata matawi na wazee wanakataa, mtu anaona anakata hela zake, kumbe mti wa katikati pale ni kivuli tu haulipi hata gharama ya salfa, ile dawa tunayopulizia mikorosho.

Kitu kingine atakachouliza huyo mtoto, maana namuona, ni hiki. Kama mmea unataka maji mbona mkorosho unatoa maua kiangazi hiki mvua hakuna kabisa, kuanzia mwezi wa sita huko? Mwambie mizizi. Uwanda wetu huu wa Makonde ni mchanga, mvua ikinyesha inazama chini moja kwa moja hata dimbwi halikai, sisi binadamu tunahangaika na maji lakini mkorosho mizizi yake inayafuata huko huko yalikozama. Kwahiyo maji unayatumia sana tu, ila ni ya masika iliyopita.

Kijana_wa_Ligula
Mkuu Korosho_Bei_Juu umeongea vizuri lakini hilo jina lako ndo tunaliombea dua wote

Mwana_Lindi
Nijibu la shimo, hilo ndo limenifanya niingie humu usiku huu.

Binti yako hajaanza yeye kujiuliza. Zamani watu wengi wenye akili zao waliamini mti unakula udongo. Akatokea mtu mmoja kule Ubelgiji anaitwa Jan Baptist van Helmont, miaka ya 1600 hiyo, akasema tupime. Akachukua udongo mkavu kama kilo 90 akautia kwenye chungu kikubwa, akapanda mche wa mti wa kwao wenye kilo mbili na ushee, akawa anaumwagilia maji tu, juu ya chungu akaweka kifuniko chenye matundu vumbi lisiingie. Miaka 5. Baada ya hapo akautoa mti akaupima, ulikuwa kama kilo 77. Akaukausha udongo akaupima nao, ulikuwa umepungua kama gramu 57. Gramu wadau, sio kilo! Hata robo ya robo kilo haifiki. Kwahiyo mwambie binti shimo halipo kwasababu mti haukuchukua udongo, na aliyekuwa na wazo kama lake alikaa miaka mitano kulithibitisha, maandishi yake yakachapishwa 1648 mwenyewe ameshafariki.

Sasa yeye alimalizia kwa kusema basi mti wote umetokana na maji. Hapo alipatia nusu, hewa aliisahau. Mti unavuta hewa ya ukaa kupitia vitundu vidogo sana kwenye majani, unachanganya na maji kwa nguvu ya jua, ndo unajitengenezea sukari na mbao na kila kitu. Watu walikuja kulijua hilo polepole, 1771 Joseph Priestley wa Uingereza aligundua kwamba tawi la mnanaa linaifanya hewa iliyoharibiwa na mshumaa iweze kuwasha mshumaa tena, na 1779 Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba inatokea kwenye jua tu, gizani haifanyi kazi. Kwahiyo mkorosho wa bibi Tandahimba sehemu kubwa ni hewa na maji yaliyoshikanishwa na jua. Mi mwenyewe nikiliwaza hili nikiwa nimeegemea mti naona maajabu.

Zile gramu 57 nazo msizidharau ndo rutuba yenyewe hiyo, madini yanayotoka kwenye udongo. Ni kidogo sana ila ukiyakosa mti unadumaa.

Mtihani_Kwanza
Hili la chungu nimelipenda nakubali. Ila darasa la tatu jamani 1648 mnampeleka wapi

Mwana_Lindi
Mwaka sio lazima, mpe hadithi ya chungu tu inatosha. Watoto wanapenda sana mtu aliyesubiri miaka mitano kwa ajili ya ubishi

Karanga_za_Nachi
Nimechelewa kuiona hii mada. Naongezea mawili kutoka Nachingwea.

Moja, huyo binti aliyesema mmea unapenda giza ana chembe ya ukweli, mpe karanga. Karanga inatoa ua la njano juu, ua likishapevuka kinatoka kijiti kinaelekea chini kinachoma udongo, na kule chini gizani ndo ncha yake inavimba inakuwa ganda lenye karanga. Kile kijiti kisipofika kwenye udongo, labda ardhi imekauka imekuwa ngumu au umepalilia vibaya ukakiacha hewani, ganda halipatikani. Majani yanataka jua, tunda linataka giza, mti mmoja huo huo. Akichimbua taratibu kwa mkono mwezi wa pili wa tatu huko atakuta vijiti vya kila hatua, kimoja ndo kinagusa ardhi, kingine ncha imeanza kuvimba, kingine tayari karanga changa nyeupe ya kutafuna. Njugu mawe nazo hivyo hivyo.

Pili, kwa wakubwa sasa. Hayo mahitaji manne tunayoyaona ya watoto wa darasa la tatu kuna watu wazima waliyasahau na wakatia hasara nchi nzima. 1947 Waingereza walikuja na ule mradi wao mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, wakaleta mashine mpaka bandari ya Mtwara na reli vikajengwa kwa ajili yake. Kule Kongwa mvua haikutosha na udongo ukikauka unakuwa mgumu karanga haing'oki. 1951 ukafungwa. Reli yenyewe iling'olewa. Babu zetu walikuwa wanalima karanga kwa jembe la mkono na wanajua kabisa wapi zinakubali wapi hazikubali, hakuna aliyewauliza.

Dada_wa_Mikindani
Mmeongea maji mwanga udongo mpaka mmemaliza, hewa mmeigusa upande wa majani tu. Mizizi nayo inavuta hewa! Mtoto wangu alikuwa anaua mimea kwa mapenzi, kila akipita anaimwagilia, mpaka nilipomfanyia hili. Chukua glasi, tia kunde, jaza maji mpaka juu kabisa iache hivyo. Zitavimba, pengine zitatoa kijimzizi kidogo, kisha zitaoza na zitanuka msizikalie karibu wakati wa kula. Maji yapo tele, joto lipo, hewa ndo hakuna ya kutosha.

Na nyie mnaokaa Mtwara mjini hamna sababu, pandeni bajaji mje Mikindani maji ya bahari yakiwa yametoka. Kwenye tope la ghubani muangalie chini ya miti ya mchu, aina ya mikoko, kuna vimizizi vimesimama wima vimejaa kote vinachungulia juu ya tope, vyembamba saizi ya kalamu ya risasi. Lile tope halina hewa ndani, ukilichimba linanuka yai viza, ndo maana mchu unatoa mizizi juu kuvuta hewa maji yanapotoka. Mtoto wangu alivishika akauliza mama hizi ni pua? Nikamwambia ndiyo. Vaeni viatu tu, vile vimizizi na makombe vinachoma.

MamaWawili_Mtw
Nimerudi na mrejesho wadau.

Za kabatini zimelala zote. Shina refu linaning'inia nje ya kopo, limekuwa jeupe njano, majani madogo hata hayajafunguka vizuri, na zile ghalambegu zimekauka zimebaki vigozi. Za dirishani tulipoanza kuzilowesha sawa sawa zimekaa vizuri, fupi lakini nene na kijani imekolea. Binti kaenda na rula, kaandika urefu alafu mwenyewe bila kuambiwa akachora na rangi, ya kabatini kaipaka penseli ya njano. "Mmea unapenda giza" kaifuta kaandika "mbegu haijali giza ila mmea ukimaliza chakula chake unataka jua". Sijamsaidia hata neno.

Glasi ya dada wa Mikindani nimeitoa nje leo, harufu ile hapana.

Sasa anataka kuzitoa za kabatini aziponye. Inawezekana? Na za dirishani zimeanza kufifia rangi majani ya chini, mbolea au nini?

TichaMstaafu_Newala
Hongera yake, hiyo sentensi mwalimu wake akiikata njoo uniambie.

Za kabatini ambazo shina bado halijaoza jaribuni, ila msizipeleke moja kwa moja kwenye jua la saa sita la Mtwara zitaungua. Zianze kivulini penye mwanga siku chache, mkiona kijani inarudi ndo mzisogeze. Baadhi zitakufa mwambie mapema. Za dirishani kinachoisha ni madini, pamba haina kitu na akiba imekwisha, sasa ndo zamu ya udongo aliouulizia siku ile. Zihamishieni ardhini, hata huo mchanga wa uani unafaa mkichanganya na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Isiwe mbichi, itaunguza.

Korosho_Bei_Juu
Na zikishastawi aje ang'oe moja ataona vinundu kwenye mizizi, akikipasua kikiwa chekundu chekundu ndani ujue kinafanya kazi, hivyo vinaiwekea kunde naitrojeni, yaani mbolea yake, kutoka hewani. Ndo maana tunachanganya kunde kwenye muhogo. Asipoviona asishangae, vijidudu vinavyovitengeneza vinakaa kwenye udongo na kwenye pamba havikuwepo

MamaWawili_Mtw
Jamani mbarikiwe sana. Kesho asubuhi tunahamishia uani, samadi naomba kwa jirani

Kijana_wa_Ligula
Omba samadi lakini mwambie jirani awafunge na mbuzi wenyewe, kunde changa hawaziachi hao

Dada_wa_Mikindani
Na kuku. Zungushia nyavu kuukuu ya samaki, fito nne, mchana mmoja tu wanamaliza zote